Kasoro Kabla ya Bei

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ushuke jukwaani. Nakujua. Barua ikikufikia hapo mnadani unaisoma kwa sauti, wachinjaji wanacheka, wachungaji wanacheka, hata ng'ombe wanageuza vichwa. Hii usiisome hivyo. Nenda nyuma ya mizani, uisome kimoyomoyo, usimwonyeshe hata mkaza mjomba, na ukimaliza mpe mbuzi yeyote aitafune. Hapa kazini tumetia saini kwamba ya humu ndani hayatoki nje, nami bado niko kwenye miezi ya majaribio.

Sisi hatujambo. Goti la mama limepoa, anapanda ngazi bila kunishika bega. Dada amehamia karibu na shule anayofundisha, kwa hiyo chumba cha mbele sasa ni changu. Mama anakusalimu, lakini amenuna. Anasema tangu Desemba hujampigia simu hata mara moja, unamtumia ujumbe wa maneno matatu tu. "Kaka yangu aliyekuwa akiamsha mtaa mzima kwa simu moja," anasema, "leo ananiandikia 'Tuko salama, dada.' Amekuwa serikali?" Nimemwambia una kazi nyingi.

Nami nimepata kazi. Ni karani wa mapokezi katika kliniki ya sauti ya hospitali kuu. Nina dirisha langu la kioo lenye tundu la kusemea, simu ya mezani, na mbele yangu viti vya plastiki vya buluu. Wanaokaa hapo ni watu wanaoishi kwa kusema: walimu, waimbaji, makocha, wahubiri. Katika chumba cha ndani kuna chombo ambacho sijachoka kukistaajabia. Unabandikwa visahani viwili vidogo shingoni, kimoja kila upande wa kongomeo, unaambiwa useme "aaa". Umeme mdogo ambao huwezi kuuhisi unapita kati yake, na kwenye skrini unatokea mstari unaopanda na kushuka kila nyuzi za sauti zinapokutana na kuachana. Mimi nilidhani sauti ni pumzi tu. Kumbe ni nyama mbili ndogo zinazopigana makofi, mara nyingi sana kwa sekunde moja. Daktari wetu akiutazama mstari ule anajua kama zinakutana sawasawa au moja inachechemea.

Sasa jambo lenyewe. Daktari anataka kuwapima wafanyakazi wote, apate mistari ya watu wasio na tatizo ya kulinganisha na ya wagonjwa. Zamu yangu inakuja. Mjomba, unaijua sauti yangu. Nina miaka ishirini na mitatu, na kila anayepiga simu ananiita dada. Wiki iliyopita mtu mmoja alimlalamikia mkuu wa masjala kwamba tumeweka mtoto kwenye simu. Mkuu aliniita, akaniambia kwa upole kwamba anayepokea simu ndiye uso wa kliniki, na kwamba suala langu ataliangalia tena mwezi wa sita. Hadi sasa nimeweza kujiambia kuwa ndivyo nilivyo. Mashine ikisema kuna kitu kinakosekana ndani yangu, nitarudije kwenye dirisha lile? Niambie nifanye nini.

Mpwa wako


26 Februari

Filimbi,

Marahaba. Barua nimeisoma nyuma ya mizani kama ulivyoagiza. Mbuzi ameila yote, ila bahasha kaikataa, ana maringo.

Huku wazima. Mkaza mjomba wako amepaka nyumba rangi ya kijani, nikirudi jioni naona kama naingia ndani ya papai bichi. Sijamwambia. Nyasi zimeota vizuri, ng'ombe wanakuja wamenona hadi mbavu hazihesabiki.

Hongera kwa kazi. Nimewatangazia watu wote hapa kwamba mpwa wangu yuko hospitali kuu, na kwa kuwa sikusema ni karani, wawili wamekwisha kunieleza maumivu yao ya mgongo niyafikishe.

Kuhusu hicho chombo: usikubali. Sauti haipimwi kama kitambaa. Babu yako alinadi papa hapa ninaposimama, akisikika hadi ng'ambo ya reli, na hakuna aliyembandika visahani. Mimi nimemrithi, na sijashika kipaza sauti maisha yangu. Mimi na kipaza sauti ni kama samaki na mwavuli. Watu hawalijui jina la nyumba yetu, wanaijua sauti yake. Wewe yako imechelewa njiani tu. Mwambie daktari una mafua.

Upande wa mbuzi nimemwachia mke wa mchinjaji anadi yeye. Ana ulimi, mama yule. Juzi mnunuzi mmoja alisema beberu anaonekana kachoka, akamjibu, "Kachoka kukusubiri wewe upandishe bei." Mimi nimebaki na ng'ombe. Mtu akifika umri wangu huwapisha wengine kidogo.

Jambo dogo. Bawabu wetu hapa getini, mtu wa kelele sana, sauti imemkauka. Anauliza, hicho chombo kinachoma? Na je, ni kweli wanapitisha kitu puani? Anauliza tu. Nimemwambia anywe maji ya moto na asali.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo. Mama ameanza kushona tena, nyumba imejaa vipande vya nguo na sindano, tunatembea kama paka. Dada amepewa darasa la watoto wadogo na anasema ni wao wanaomfundisha.

Nisamehe, nimekukaidi. Nimepimwa.

Daktari alinibandika visahani mwenyewe. Mikono yake ilikuwa na joto, shingo yangu jasho jembamba. Nilisema "aaa", na skrini ikajaa vilele vyembamba vilivyosongamana kama meno ya kitana. Akasema nyuzi zangu zinapigana zaidi ya mara mia mbili kwa sekunde, na kwamba mwanamume wa umri wangu kwa kawaida huwa karibu nusu ya hapo. Nikajua ndiyo basi. Kisha akaingiza kamera mdomoni, ndefu na nyembamba. Ina taa inayomweka kwa kuifuata sauti yako, hata nyuzi zinazokimbia zinaonekana kama zinatembea taratibu. Akageuza skrini nione. Mjomba, nimeliona koo langu kwa ndani. Nyuzi zile ni nyeupe, safi, na mawimbi madogo yanapita juu yake kama shuka linalokung'utwa.

"Hizi ni nyuzi za mwanamume," akasema. "Nene, nzima, hazina doa. Unazivuta tu muda wote, kama mtu aliyekaza waya wa gitaa hadi mwisho akausahau. Ulianza ulipokuwa unabalehe, mwili ukazoea. Hakuna kinachokosekana."

Mtaalamu wa mazoezi ya sauti, mzee mmoja wa masihara, akaniambia nikohoe. Nikakohoa. Vilele vikaachana ghafla, vikawa vipana. "Umeona?" akasema. "Mwenye nyumba yumo ndani, hajitokezi tu." Akanibonyeza kongomeo kidogo kwa kidole, akaniambia nikohoe tena halafu nikivute kikohozi kile kiwe "aaa". Kikatoka kitu kizito sana. Niligeuka kuangalia ni nani ameingia chumbani.

Halafu nikafanya jambo la kijinga. Nilijibandua visahani, nikasema kuna wagonjwa dirishani, nikatoka. Sijarudi kwake mpaka leo. Mama ananijua kwa sauti hii. Nikianza kusema kwa ile nyingine, nitakuwa kama niliyevaa koti la mtu.

Kuhusu bawabu: chombo hakichomi. Kamera hupita mdomoni au puani, inakera, lakini ni dakika chache. Asali haina madhara, ila haitibu. Mwulize sauti imemkauka tangu lini. Ikiwa imezidi wiki tatu, lazima aonwe, hata kama haumwi popote. Mwulize kama inamwishia kabla ya adhuhuri. Mwulize pia kama amewapisha wengine sehemu ya kazi yake.

Na wewe nakuuliza, kwa heshima zote: mbona hupigi simu?

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa,

Barua yako ilifika zamani. Tumekuwa na kazi.

Mkaza mjomba wako hajambo. Nyumba bado ni papai.

Bawabu ni mzima. Yeye na maswali yake tumemaliza, usimwandike tena. Simu sipigi kwa sababu mtandao wa huku ni mbovu.

Mke wa mchinjaji sasa ananadi na ng'ombe pia. Mimi nasimama kando, nawaonyesha wanunuzi kwa fimbo. Watu wanasema napendeza, kama kiongozi wa bendi.

Wewe ndiye wa kusemwa. Umeonyeshwa kwa macho yako kwamba koo ni zima, ukakimbia? Nyumba yetu imetoa watu wa kila aina, waongo wawili na mlevi mmoja, lakini haijatoa mtu anayekimbia habari njema. Mama yako alikujua kabla hujawa na sauti yoyote. Nenda kwa yule mzee. Kesho, usingoje keshokutwa.

Mjomba


17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, dada hajambo. Juzi dada aliongea na mkaza mjomba kwa simu kwa muda mrefu, anasema mtandao ulikuwa kama wako chumba kimoja. Nilipomuuliza habari zako, dada alisema mkaza mjomba alikwepa, akaanza kuulizia bei ya uzi.

Sitakuandikia methali ya mficha maradhi. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nitakuandikia kitu nilichokiona. Nilikuwa darasa la tatu, umenisimamisha kando ya jukwaa. Aliletwa fahali mwekundu, mzuri, kila mtu kamtolea macho. Mwenye fahali akakukonyeza unyamaze. Ukapaza sauti mpaka kunguru wakaruka: "Kwato ya nyuma kulia ni mbovu! Haya, sasa tuanze bei." Jioni ukaniambia mnadi anayetaja bei kabla ya kasoro ni mwizi mwenye fimbo.

Mjomba, umenitajia rangi ya nyumba, ulimi wa mke wa mchinjaji, na mtandao. Kasoro hujaitaja.

Siwezi kumpitisha mtu mlango wa nyuma, na nisingethubutu. Lakini foleni ni ya watu wote, na namba ya kliniki iko juu ya karatasi hii.

Mimi nina jambo ambalo sitakuambia bado.

Mpwa wako


12 Juni

Mpwa wangu,

Leo siulizi habari za nyumbani. Nina hasira, ila si kwako.

Jumatatu nilipiga ile namba. Akapokea mwanamume mwenye kifua kama pipa. "Kliniki ya sauti, nikusaidie nini?" Nilikuwa nimepanga maneno yangu, yote yakanipotea. Nikamuuliza, yule kijana wenu mwenye sauti ya filimbi yupo? Akanijibu, na maringo juu: "Huyo hayupo tena hapa." Nikakata simu.

Kwa hiyo wamekufukuza. Kijana aliyesoma, mwandiko kama umepigwa chapa, wamemtoa kwa sababu ya koo lake, tena kliniki ya sauti! Ni kama hospitali ya macho imfukuze mtu kwa kuvaa miwani. Na wewe ukaandika una jambo hutaniambia. Ulikuwa unanilinda nisione aibu. Aibu ya nini? Sijawahi kukuonea aibu hata siku moja. Nilipokuita Filimbi ni kwa sababu filimbi inasikika mbali.

Nilikata shauri kupanda basi nije kuwasema. Nikasimama mbele ya kioo nijaribu nitakayowaambia. Sauti haikutoka, mpwa. Ilitoka kama mtu anayekwangua sufuria.

Basi nakutajia. Ilianza kukwama Desemba, siku ya mnada mkubwa. Nilidhani vumbi. Mwezi uliofuata nikawa namaliza bei kwa pumzi tupu, wanunuzi wakiniuliza, "Umesema ngapi?" Mimi, kuulizwa nimesema ngapi. Nikawaachia mbuzi, halafu ng'ombe. Bawabu ana sauti ya kengele, hajauliza kitu. Nikimwita mkaza mjomba wako siku hizi nagonga meza. Simu sipigi kwa sababu dada yangu akinisikia atalia, na mimi sijawahi kumliza.

Hiyo ndiyo kasoro. Bei siijui. Nisiponadi, sijui mimi ni nani nikiamka asubuhi.

Mjomba


19 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Aliyepokea simu ni mimi.

Nakuandikia mstari huo peke yake ili uupumzikie kidogo.

Siku barua yako ya Mei ilipofika nilirudi kwa yule mzee wa mazoezi. Alinikohoza mpaka nikachoka. Kutoka kikohozi tukaenda kwenye "aaa", kutoka "aaa" kwenye kuhesabu, kutoka kuhesabu kwenye kusoma gazeti, huku visahani viko shingoni na mstari uko mbele yangu, nauona ukitulia siku hadi siku. Nilipomsalimia mama kwa sauti hiyo mara ya kwanza, alifungua mlango nusu akasema, "Unamtafuta nani, baba?" Kisha akanitazama vizuri, akakaa kwenye ngazi akacheka hadi majirani wakatoka. Mkuu wa masjala amenithibitisha kazini. Nilitaka nikupigie siku hiyo, nikushangaze.

Jumatatu nikapokea simu ya mtu mwenye sauti ya msasa, anamtafuta wa filimbi. Nilidhani ni mmoja wa wale waliokuwa wakinicheka. Ndipo nikamjibu vile, tena kwa raha zangu. Sikulijua koo la mjomba wangu, nawe hukulijua langu. Tumesemeshana kama wageni wawili wenye adabu. Nimesoma barua yako nikiwa dirishani, ikabidi nijifanye natafuta faili chini ya meza.

Sasa mambo yako. Nimekuandikisha kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote: ni Jumatano ya wiki ya nne ya Julai. Ni mbali, najua. Hadi hapo usinong'one, kunong'ona kunachosha nyuzi kuliko kusema kwa kawaida. Usijikohoze kusafisha koo. Kunywa maji. Vaa shati lisilobana shingo. Mwambie mkaza mjomba ukweli wote, aje nawe.

Sitakuambia kwamba si kitu. Sijui, na ninaogopa. Ila jambo moja nalijua: huko ndani hakuna anayecheka.

Mpwa wako


2 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu kwa mama yako, mwambie supu yake ndiyo iliyonirudisha nyumbani salama. Mkaza mjomba wako anamsifu mpaka naona wivu.

Naandika kwa sababu kusema ni marufuku. Tangu waliponipasua sijatoa neno, na mke wangu anasema ndoa haijawahi kuwa tamu hivi. Nina ubao mdogo wa chaki. Jana niliandika "chumvi" akajifanya hajui kusoma.

Kuna mambo sikukuambia nilipokuwa hapo kwenu. Siku ile ya kipimo, nimekaa kwenye kiti cha buluu, nautazama mlango wa kutokea, ukaniita kupitia lile tundu la kioo. Ukumbi mzima uliinua vichwa. Jirani yangu, mwalimu mmoja, akasema, "Karani huyu angefaa kunadi." Nikamgonga begani, nikajionyesha kifuani kwa kidole: huyo ni wetu. Nikaingia ndani nikitembea vizuri.

Daktari akanibandika, akasema, "Sema 'aaa', kawaida tu." Mimi na kawaida wapi na wapi. Nikasimama, nikajaza kifua, nikampa ya mnada. Akasema, "Mzee, mimi sinunui ng'ombe. Keti, sema kama uko mezani." Kumbe ningempa ile, mstari ungesema uongo, maana nilikuwa nazilazimisha nyuzi zikutane. Nilipokaa ndipo ukweli ukatoka. Mstari wangu ulichechemea kama yule fahali wako. Halafu kamera: upande wa kulia wimbi linapita vizuri, upande wa kushoto linafika mahali linakufa, kama maji yamegonga jiwe. Pale pana kivimbe. Mimi, ambaye sijawahi kuficha kwato ya mtu, nimekaa na jiwe kooni tangu Desemba.

Wamekitoa. Wamesema kinakwenda maabara. Neno hilo "maabara" ndilo ninalolala nalo. Mke wa mchinjaji amekuja kunisalimu, akanambia, "Jukwaa lako nalipanguza kila mnada, lakini usikawie, nimeanza kulizoea." Nikamwandikia ubaoni: kasoro yako ni pupa. Amecheka, lakini aliposhika mlango alikuwa anafuta macho.

Ukisikia lolote la maabara, liandike lilivyo.

Mjomba


6 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameshapiga magoti na kuinuka, dada amenunua simu mpya ili akusikie vizuri, nami nimempa hii dereva wa basi ili ikuwahi.

Daktari ameniruhusu nikuandikie, kwa kuwa uliweka saini jibu lako lipitie kwangu. Naliandika lilivyo. Si saratani. Ni kivimbe cha kawaida, cha mtu aliyeitumia sauti yake kwa nguvu bila kuipumzisha. Kidonda kinafunga vizuri. Hajaahidi kwamba utasikika ng'ambo ya reli. Amesema hilo litajulikana kwa mazoezi na kwa subira, na kwamba ukirudi jukwaani utarudi na kipaza sauti. Nilimwambia hilo utalipinga. Akasema, "Mwambie sauti ya kwenye kipaza sauti pia ni yake."

Nimeuomba mstari wako na wangu, nikaitazama pamoja kwenye skrini kabla faili halijafungwa. Wako unayumba, wangu bado mpya. Niliiangalia muda mrefu kuliko inavyompasa karani.

Kimya chako kinaisha Jumatatu ijayo. Siku hiyo usimjaribie mtu mwingine yeyote. Piga namba iliyo juu ya karatasi hii, asubuhi, kabla viti havijajaa. Zamu ya asubuhi ni yangu. Akipokea mwingine, ngoja kidogo upige tena. Usianze kwa kupaza. Anza kama mtu anayemwambia jirani kwamba mvua inakuja, sentensi moja tu, kisha nyamaza unisikilize. Na ikiwa siku hiyo haitatoka, usikate simu kama ile mara ya kwanza. Gonga simu mara mbili kwa kucha. Nitajua ni wewe, nami nitaongea mpaka salio lako liishe.

Mpwa wako,
karani wa dirisha la kwanza